Narudi kwenye gemu za kompyuta baada ya miaka mingi. Nianze na ipi?

DukaLaDawa (Donholm)

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri, na naomba mnisome hadi mwisho, maana saa zangu si za kijana mwenye usiku mzima mbele yake.

Mimi ni mfamasia. Nafunga duka saa mbili usiku, na Jogoo Road isipofunga njia nafika nyumbani saa tatu kasorobo. Binti yangu ana miaka tisa. Tukimaliza kazi ya shule na akalala, ni saa tatu na nusu. Saa tano sharti niwe kitandani kwa sababu basi la shule huja alfajiri. Kwa hiyo nina saa moja na nusu, na hiyo ni siku njema. Siku nyingine ni dakika 40, na kuna wiki ambazo hata hizo hazipatikani.

Nilianza kucheza chuoni mwaka 2003. Katika hosteli yetu ya wasichana tulikuwa na kompyuta nne zilizounganishwa kwa nyaya zilizopita chini ya milango, na kila Ijumaa usiku tulicheza Age of Empires II, gemu ya kuchagua taifa, kulijenga na kupigana na mataifa mengine, ile yenye nyongeza ya The Conquerors. Mwenzangu wa chumba alikuwa Wabritoni siku zote, anajaza wapiga pinde uwanja mzima. Mimi nilikuwa Wabizanti kwa sababu mikuki yao ni ya bei nafuu, nami nilipenda kuhesabu: wakulima wangapi, kuni kiasi gani, nivuke enzi dakika ya ngapi. Sijawahi kuhisi akili yangu imetulia namna ile tena. Mara ya mwisho nilicheza kwa dhati mwaka 2007. Baada ya hapo kazi, ndoa, mtoto, duka.

Mwezi uliopita nilinunua laptopu kwa ajili ya hesabu za duka, ile iliyotumika Uingereza: Lenovo ThinkPad T480, RAM ya GB 8, SSD (diski ya kuhifadhi) ya GB 256, haina kadi ya grafiki ya kando. Nikasema sasa nimepata nafasi. Nikanunua gemu moja kubwa ya dunia ya wazi, unakwenda popote utakapo, ambayo kila mtu anaisifu. Sitaitaja, maana si kosa lake. Ilichukua usiku tatu kupakuliwa. Usiku wa nne nikapanda farasi, na farasi akawa anasonga kama picha za gazeti mtu anazifunua moja moja. Nikapunguza kila kitu cha kupunguzwa, ikachezeka kidogo, nikafika saa nne za mchezo.

Kisha ikaja wiki ya kuhesabu mali dukani. Nilikaa siku sita bila kuifungua. Niliporudi nilijikuta juu ya daraja, mvua inanyesha, upanga mkononi, alama kumi na mbili kwenye ramani, na sikujua nilikuwa nakwenda kwa nani wala kwa sababu gani. Nikatumia dakika 35 kusoma orodha ya kazi nilizopewa. Halafu saa tano ikafika. Nilifunga laptopu nikakaa tu pale sebuleni, na niliumia kweli, kwa sababu nilikuwa nimeungoja usiku ule wiki nzima.

Sitaki gemu ya kuua wakati, wakati wenyewe sina wa kuua. Nataka ile akili ya Ijumaa ya hosteli. Nicheze nini?

---

FundiWaLuthuli

Dada, kabla ya gemu tuanze na mashine, maana umeeleza ugonjwa vizuri.

T480 isiyo na kadi ya kando hutumia grafiki iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Grafiki hiyo haina kumbukumbu yake, inakopa RAM ya kompyuta. Sasa wengi wanaoleta hizi laptopu huweka RAM kijiti kimoja cha GB 8, na kijiti kimoja ni kama daraja la gari moja: Windows anapita, gemu anasubiri, grafiki anasubiri. T480 ina nafasi mbili. Ongeza kijiti cha pili cha GB 8, aina ya DDR4 ya kasi ya 2400, data ipite njia mbili kwa pamoja. Kwa gemu nyepesi na za kati utaona tofauti siku hiyo hiyo. Uliza maduka matatu kabla hujalipa, na hakikisha fundi amezima betri ya ndani kwanza, maana T480 ina betri mbili, na wengine hutoa ile ya nje tu wakadhani wamemaliza.

Akifungua, mwambie apulize vumbi kwenye feni na abadilishe pesti ya kupitisha joto la prosesa. Mashine ikipata joto inajipunguzia kasi yenyewe, na farasi wako ndiye wa kwanza kuhisi.

Na gemu ikiwa nzito, shusha skrini kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Hapo unaipunguzia kazi ya kuchora kwa zaidi ya nusu. Lakini sitakudanganya: ile gemu kubwa uliyonunua haitakuwa nzuri kwenye mashine hii hata ukiipaka mafuta.

---

Komredi_Juja

Anti, Counter-Strike 2, ile ya kupigana risasi watano kwa watano, ni ya bure tangu itoke 2023. Mechi ni ya kufikisha raundi 13. Ukizoea ramani mbili tu utafurahi sana, na seva za Johannesburg huwa zinavumilika kwa intaneti ya faiba. Sisi huku hosteli tunacheza watano kila usiku, tunaweza kukupokea.

---

MwalimuWaHesabu (Kasarani)

Komredi, moyo wako ni mzuri, ila mechi ya namna hiyo inaweza kufika dakika 40, haisimamishwi mtoto akiita, na ukiondoka katikati unafungiwa na unawaachia wenzako wanne pengo. Mtu mwenye mtoto wa miaka tisa chumba cha pili hawezi kuahidi dakika 40 zisizokatika. Na hiyo laptopu nayo itamlilia.

Dada, mimi nilirudi miaka miwili iliyopita, likizo ya Agosti, baada ya miaka kumi na mitatu. Nilifanya kosa kama lako na kubwa zaidi. Nilingoja msimu wa punguzo Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, nikanunua gemu tisa kwa mpigo kwa sababu zilikuwa zimesifiwa. Saba kati yake sikumaliza hata saa ya kwanza. Nilikuwa nachagua kwa sifa za watu wenye jioni ndefu, nami nilikuwa na jioni fupi na rundo la madaftari ya kusahihisha.

Sasa hivi najiuliza swali moja kabla sijanunua: nikiiacha siku sita, itanichukua dakika ngapi kujua nilipo? Ikizidi tano, siichukui wakati wa muhula. Wewe pale darajani ulihitaji 35. Gemu ile imetengenezwa kwa mtu anayeifungua kila siku, inamwachia yeye kazi ya kukumbuka. Tafuta ambayo kila kitu unachohitaji kujua kiko mbele ya macho yako ukiifungua.

Kwa mtu aliyependa kuhesabu wakulima na kuni, mimi ningeanza na Into the Breach. Ilitoka 2018, kampuni yake, Subset Games, ilianzishwa na watu wawili. Ni ubao wa miraba 8 kwa 8, kama drafti. Una mitambo mitatu. Wadudu wakubwa wanatoka ardhini kuvunja nyumba zenye watu, na nyumba zikivunjwa za kutosha umeshindwa. Jambo lililonishika ni hili: kabla hujacheza zamu yako, gemu inakuonyesha kila mdudu atapiga mraba upi. Karibu hakuna kubahatisha. Ni swali la hesabu lililoandikwa ubaoni.

Nikupe mfano wa juzi. Mdudu alikuwa amelenga jengo, nami sikuwa na nguvu ya kumuua. Nilikaa dakika nane nikiangalia. Nikaona kwamba nikimsukuma mraba mmoja kulia, pigo lake linahama pamoja naye, na pale litakapoangukia amesimama mdudu mwenzake. Nikamsukuma. Zamu yao ikafika, akampiga mwenzake akamuua, na jengo likabaki limesimama. Nilisimama kwenye kiti! Mke wangu akauliza kuna nini, nikamwita aje aone.

Pambano moja huwa na zamu chache tu. Ukikosea, unaruhusiwa kurudisha zamu nzima mara moja katika pambano. Una visiwa vinne, lakini ukikomboa viwili tayari unaweza kwenda kwenye pambano la mwisho. Mimi hupanga rundo la madaftari ya Kidato cha Pili mezani, nasahihisha kumi, nacheza pambano moja, narudi kwenye madaftari. Na ni ndogo, haitakumalizia bando wala SSD.

Ukitaka kitu cha taratibu, Stardew Valley ya 2016. Ni shamba na kijiji. Aliitengeneza Eric Barone peke yake, michoro, muziki na programu yote, kwa zaidi ya miaka minne, na bado aliendelea kuiongezea vitu bure miaka mingi baadaye. Siku moja ya mle ndani ni kama dakika 14 za saa ya ukutani. Hiyo ni muhimu kwako, kwa sababu inahifadhi pale tu mhusika wako anapolala. Ukifunga katikati ya mchana, siku ile imepotea. Kwa hiyo hesabu: dakika 40 ni siku mbili na nafasi ya kupumua. Usianze ya tatu.

Kuna nyingine naipenda mno, Return of the Obra Dinn, meli iliyorudi bandarini bila mtu hai, nawe unatakiwa ujue kilichowapata watu 60, kila mmoja jina lake na hatima yake. Wewe unayesoma maandishi ya madaktari kila siku ungeiweza. Lakini hiyo inataka siku zinazofuatana. Iweke ya Desemba.

Na kama umenunua Steam, jua kwamba ndani ya siku 14, ukiwa umecheza chini ya saa mbili, unaweza kuomba pesa zirudi. Saa nne zako zimeshapita mpaka huo, pole. Kwa hiyo gemu yoyote mpya, saa mbili za kwanza zitumie usiku mbili tofauti, tena zilizoachana. Hapo ndipo utajua kama inakusubiri.

---

KaraniWaSteji

Mimi napanga magari steji kuanzia saa kumi na moja asubuhi, nikirudi nyumbani bado nacheza kupanga magari, na sijachoka. Gemu inaitwa OpenTTD. Ni ya bure kabisa, imejengwa juu ya Transport Tycoon Deluxe ya 1995, na hata kompyuta ya kizamani inaibeba.

Unajenga barabara, unanunua basi, unabeba watu kutoka mji mmoja hadi mwingine, pesa ikiingia unaongeza reli, meli, ndege. Nilichokipendea ni kwamba matatizo yake ni ya kweli. Mwanzoni niliweka basi sita kwenye njia moja, baada ya miezi michache ya mle ndani zote sita zikawa zinafuatana mkia kwa mkia. La kwanza linazoa abiria wote, matano ya nyuma yanabeba hewa. Hiyo naijua! Ndiyo inayotugombanisha steji kila siku. Mle kuna ratiba ambayo unaipa gari muda wa kukaa kituoni ili yaachane. Nilihangaika nayo usiku tatu mpaka nikaona basi zimetandaa vizuri, moja likitoka lingine linaingia. Nililala na furaha siku hiyo.

Unaisimamisha wakati wowote, unahifadhi wakati wowote. Ukirudi baada ya wiki, angalia tu gari lipi linapata hasara, uanzie hapo.

---

Komredi_Juja

Mwalimu nimekuelewa. Lakini Anti, mbona hakuna aliyekwambia Age of Empires II bado iko hai? Kuna toleo la Definitive Edition la 2019. Watu wanaicheza mpaka kesho, mashindano yapo. Kuna hata Waethiopia na Wamali, waliingia na nyongeza ya 2015, na wamo humo humo. Ukicheza peke yako unasimamisha utakavyo. Anza na sehemu ya Art of War, ni mazoezi mafupi yanayokupa medali kwa jinsi ulivyokuwa haraka. Na ule mzigo wa picha za hali ya juu ni wa kupakuliwa kando kwa hiari. Usiupakue, laptopu yako haiuhitaji.

---

DukaLaDawa (Donholm)

Nimerudi baada ya wiki tatu. Asanteni sana, kila mmoja wenu.

Fundi, kilikuwa kijiti kimoja kama ulivyosema. Nimeongeza cha pili, na vumbi lililotoka kwenye ile feni lilitosha kujaza kifuniko cha soda. Ile gemu kubwa nimeifuta, nikapata nafasi ya SSD yote.

Into the Breach nilianza Jumatatu. Mwalimu, nimeelewa kwa nini ulisimama kwenye kiti. Alhamisi stima ilipotea mtaa mzima tangu jioni, binti akalala mapema, nikacheza kwa betri gizani, skrini nimeififisha. Nilikuwa na jengo moja lenye watu ambalo lilikuwa lazima lipigwe, nimehesabu kila njia. Mwishowe nikaona njia iliyobaki: kuupeleka mtambo wangu mwenyewe usimame mbele ya jengo upokee pigo. Ulipigwa, haukuharibika, na jengo likapona. Nilicheka kwa sauti peke yangu. Kisha nikakaa siku nne bila kufungua, na niliporudi nilijua nilipo kabla chai haijapoa.

Stardew Valley tunacheza na binti yangu Jumamosi asubuhi, yeye anachagua mbegu na mimi nahesabu kama zitavunwa kabla msimu haujabadilika. Wiki iliyopita tulipanda figili, amezipa majina.

Karani, OpenTTD nimeipakua lakini bado sijaifungua. Nimeisoma hadithi ya basi zako sita nikiwa kwenye matatu, nyuma yetu kuna mengine mawili ya njia ileile.

Sasa Age of Empires. Komredi, Mungu akubariki. Nilingoja Ijumaa kwa makusudi. Ilipofunguka, wanakijiji watatu wamesimama kando ya jengo la mji, yule askari wa farasi kando yao, chakula 200 juu ya skrini. Vidole vyangu vikabonyeza H kisha C kabla mimi sijafikiri lolote. H ikanipeleka kwenye jengo la mji, C haikufanya kitu. Nikabonyeza tena. Kumbe siku hizi kumwita mwanakijiji ni Q. Nilijaribu kuzoea dakika kumi, vidole vikakataa, nikaingia kwenye mipangilio nikairudisha C. Halafu nikaita wanne mfululizo, 50 kwa kila mmoja, chakula kikaisha palepale kama zamani, na mkono wa pili tayari unatafuta kondoo. Miaka yote hiyo na vidole havikusahau.

Nimejaribu Waethiopia. Kila wanapovuka enzi wanapewa chakula 100 na dhahabu 100 bure, kwa hiyo hesabu zangu za zamani zote inabidi nizipange upya, na hilo ndilo ninalofanya sasa nikiwa kwenye foleni ya Jogoo Road, na kalamu nyuma ya risiti. Art of War nimepata medali ya fedha kwenye uchumi wa mwanzo. Nataka ya dhahabu.

Kuna jambo moja zaidi. Nilimtumia mwenzangu wa chumba picha ya skrini kwenye WhatsApp, bila maneno. Yuko Kisumu siku hizi, ana watoto watatu, hatukuwa tumeongea tangu harusi ya rafiki yetu. Alijibu baada ya dakika mbili: "Wabritoni ni wangu." Kompyuta ya mwanawe wa kwanza inaibeba. Tumekubaliana Jumamosi saa tatu na nusu usiku, watoto wakilala, na mume wangu ameshaambiwa kwamba akiona mlango wa sebule umefungwa, aniache.

Tunatafuta wawili wa kutimiza wanne. Komredi, uko? Mwalimu, utakuwa umemaliza kusahihisha?

---

MwalimuWaHesabu (Kasarani)

Nitakuwepo. Nipeni dakika kumi za kutafuta kondoo kabla hamjaja kunivamia.